Mgono Juu ya Meza ya Mkutano

Alhamisi, jioni. Ilembo, Mpanda.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamejikusanya tangu mchana upande wa Mpimbwe, yakanguruma kidogo, yakaona aibu, yakatawanyika. Nimekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji, simu mkononi. Naandika hapa kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitapiga kelele, na jirani yangu ana mtoto mchanga.

Nimechoka. Ila si ule uchovu wa mtu aliyeshindwa, na leo nimeijua tofauti yake.

Chumbani kwangu nina mgeni. Amekataa kiti, amekataa kitanda, amejinyoosha kwenye mkeka na kujifunika kanga usoni. Pembeni yake, ukutani, umeegemea mgono. Kwa asiyeujua, mgono ni mtego wa samaki, unasukwa kwa fito nyembamba, mdomo mpana na shingo ya kubana. Samaki akishaingia, kutoka ni kazi. Huu umefika Mpanda leo asubuhi kwa basi. Umekalia kiti cha abiria, na nasikia konda alilalamika njia nzima.

Ngoja nianzie mwanzo, la sivyo hata mimi mwenyewe siku nikirudi kusoma hapa sitaelewa.

Mimi ni afisa uvuvi wa mkataba. Kazi niliyopewa msimu huu ni kukusanya maoni ya wadau, maneno ambayo ofisini yanatamkwa kirahisi kama kuagiza chai. Kuna sheria ndogo inaandaliwa. Inasema mvua zikianza, ni marufuku mtu yeyote kuvua kwenye mito inayoingia Ziwa Rukwa, pamoja na mbuga zinazofurika ambako watu wanalima mpunga. Sababu yake ni nzuri. Maji ya kwanza yakishuka, kambale wanatoka ziwani, wanapanda mto, wanakwenda kutaga kwenye nyasi na majaruba ya mpunga yaliyojaa maji. Ukimvua akiwa njiani, umekula mama na wanawe kwa sahani moja. Wavuvi wa ziwani wamelalamika miaka mingi kwamba nyavu zao zinarudi nyepesi, na kidole wanawanyooshea watu wa mtoni.

Kwa hiyo sheria ina kichwa na miguu. Ila kabla haijapita, wadau lazima waulizwe. Ndiyo hapo nilipoingia mimi na kishikwambi changu.

Ziwani kazi ilikuwa nyepesi. Watu wa kule wana leseni, wana vikundi, wana mwenyekiti wa mwalo, pale wanaposhushia samaki, anayeitwa Baba Rashidi, mtu wa sauti kubwa ambaye ukimpa dakika moja anachukua asubuhi nzima. Walijibu maswali yote. Walitaka marufuku ianze hata kesho.

Kisha tukaenda Mamba, kijiji cha mtoni huko Mpimbwe.

Tulikwenda na gari la doria. Sikulifikiria, naapa. Ofisi ina gari moja linaloweza kufika Mamba na kurudi bila kusukumwa, na ni hilo. Deo, dereva wetu, alipiga honi tulipoingia kitongojini, akaliegesha mbele ya darasa la shule ya msingi ambako watu walikuwa wameitwa. Nikashuka nimevaa fulana ya ofisi na tabasamu langu la semina.

Watu walikuwa wengi, hilo lilinifurahisha. Mwenyekiti wa kitongoji akatukaribisha, nikasalimia, nikaeleza habari ya sheria kwa maneno niliyoona ni mepesi. Halafu nikauliza swali la kwanza la dodoso: nani hapa ni mvuvi?

Hakuna mkono hata mmoja.

Nikadhani hawajanisikia vizuri. Nikarudia. Mzee mmoja akajikuna shingo. Wanawake waliokaa nyuma wakatazama sakafu, wote kwa pamoja.

"Sisi huku tunalima tu, dada," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Mpunga na mahindi. Wavuvi wako ziwani kule."

Sasa kile kishikwambi kimetengenezwa hivi: ukibonyeza "hapana" kwenye swali la kwanza, kinaruka mengine yote na kuandika, Asante kwa muda wako. Niliwahoji mmoja mmoja. Wewe ni mvuvi? Hapana. Asante kwa muda wako. Wewe je, mama? Hapana. Asante kwa muda wako. Mpaka nikaanza kukichukia.

Mchana tukakaribishwa chakula kwa Mama Leonsi. Ni mjane, majaruba yake yako kando kabisa ya mto, na kwake ndiko wageni wa kitongoji hupelekwa kwa sababu anapika. Akatuletea wali wa Mamba, unaonukia kabla hujafunua sufuria, na kambale wa moshi kwenye mchuzi wa karanga. Nilikula mpaka nikasahau kwamba mimi ni mtumishi. Nikamuuliza, kwa kumsifu tu, "Mama, kambale mtamu hivi mnamtoa wapi?"

Mkono wa Mwenyekiti ulisimama katikati ya sahani na mdomo. Mama Leonsi akanitazama, akatazama nje lilipokuwa gari, akarudi kwangu.

"Dukani," akasema.

Kambale wa dukani. Mamba, penye mto nyuma ya nyumba.

Njiani kurudi, tulipofika hifadhini, Deo akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. "Dada Espe," akasema, "msimu uliopita hili gari ndilo lilikuja hapa kuchoma migono. Pale pale uwanjani pa shule. Mimi ndiye niliyeendesha. Leo unashuka humo humo unauliza nani mvuvi? Ungekuwa wewe ungenyoosha mkono?"

Halafu akaacha kucheka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo wahenga walivyosema. Mimi sikuwapelekea ung'ongo. Niliwapelekea nyoka mwenyewe, nikamwegesha mlangoni, kisha nikashangaa mbona watu hawasogei.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyepaswa kujua. Nimekulia Katumba, mtoto wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na mzigo mmoja kichwani. Nyumbani kwetu gari la ofisi likionekana barabarani, mama alikuwa anatunyamazisha kwanza, ndipo anauliza limefuata nini. Hata wakija kugawa mbegu. Hata wakija kuandikisha watu kwa heri, wapate uraia. Mama alikuwa anasimama mlangoni, mikono ameikunja, anajibu kila swali kwa neno moja. Kuhesabiwa si jambo dogo kwa mtu ambaye hajui anahesabiwa ili apewe au ili aondolewe.

Na mimi binti yake nikasimama darasani Mamba, nikauliza nani ni mvuvi.

Nilimweleza bosi kesho yake. Bosi wangu si mtu mbaya, niandike hilo mapema. Ana haraka tu, na juu yake kuna watu wenye haraka kuliko yeye. Alikuwa ameshaandika kwenye rasimu ya taarifa: Mamba, hakuna wavuvi, hakuna pingamizi. Nikamwambia nimekula pingamizi lenyewe kwa wali na mchuzi wa karanga. Hakucheka. Akasema ziara ya Mamba imekwisha, mafuta ya gari hayapo, na kama wananchi wamesema wao si wavuvi, sisi ni nani wa kuwabishia?

Nikamwambia gari silitaki. Nitakwenda mwenyewe mwisho wa wiki.

Akainua mabega. Nikachukulia kwamba hiyo ni ruhusa.

Basi la Mamba linapita hifadhini, na madirisha yake hayafungi, kwa hiyo mbung'o wanaingia, wanachagua abiria wanayemtaka, wanashuka walikotaka. Mimi walinitaka sana. Nilifika kwa Mama Leonsi nimevimba sikio, kiroba cha sukari mkononi, kanga kiunoni. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu barabarani.

"Gari liko wapi?"

"Sikuja na gari, mama."

"Na kile kioo chako cha kubonyeza?"

"Nimekiacha Mpanda."

Akafikiri kidogo. Akaniambia nivue viatu, wanakwenda kuinua kingo za majaruba kabla mvua haijawakuta, na mgeni njoo mwenyeji apone.

Siku ya kwanza sikuuliza kitu. Nililima. Viganja vyangu vya ofisi vilipasuka, wakanicheka vizuri sana, mmoja akasema huyu afisa wa samaki anashika jembe kama anaogopa litamng'ata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama mpaka mgongo ukalia.

Siku ya pili, tumekaa kivulini mwa ghala tunamenya karanga, niliuliza swali ambalo halimo kwenye dodoso lolote. Niliuliza, "Maji ya kwanza yakija, hapa inakuwaje?"

Mungu wangu. Waliongea wote kwa wakati mmoja.

Waliniambia jinsi maji yanavyonukia kabla hayajafika. Jinsi watu wanavyoacha majembe na kukimbilia mtoni, wakubwa kwa wadogo. Waliniambia samaki wa maji ya kwanza hauzwi hapo kwao. Wa kwanza anapelekwa ukweni, anayefuata anapelekwa kwa yule ambaye ghala lake limekwisha, na ukionekana sokoni na samaki huyo utachekwa mpaka mavuno. Waliniambia habari ya miezi ya katikati, mpunga bado mchanga, mahindi ya mwaka jana yameliwa, ukipiga kelele ndani ya ghala unajibiwa na sauti yako. Miezi hiyo watoto wanakula kambale wa moshi na mboga za majani. Bila kambale wanakula mboga za majani.

"Sasa ofisi yenu inataka kutunyima hiyo miezi," Mama Leonsi akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamenya karanga.

Na waliniambia habari ya mlango. Watu wa pale wanapoweka wigo wa fito mtoni ili kutega migono, hawafungi mto wote. Wanaacha mlango, upana wa mwanamke kupita na mtoto mgongoni. Kambale anayepita mlangoni anakwenda zake kutaga, hafuatwi. Wazee walikuwa wakali juu ya hilo. Aliyefunga mlango alikuwa anang'olewa wigo wake mchana, watu wote wakitazama.

"Siku hizi je?" nikauliza.

Wakarudi kwenye karanga zao.

Kisha mwanamke mmoja kijana, ambaye jina lake sitaliandika hapa wala popote, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye msimu uliopita aliziba mlango kwa chandarua. Mtoto wake alikuwa hana kitu cha kula. Akapata samaki wengi, na wengi wao walikuwa vidagaa vya ukubwa wa kidole. Wenzake wakamgeukia kwa ukali. Akainua kichwa, akawauliza, na nyie je? Mnataka niseme ya kila mtu?

Wakagombana. Waligombana vizuri, kwa Kipimbwe na Kiswahili, wakinyoosheana mikono yenye maganda ya karanga. Nani alianza kuziba. Nani aliona akanyamaza kwa sababu ni shemeji yake. Kama wazee walikuwa wakali kweli au wanasifiwa tu kwa kuwa wamekufa. Mimi nilikaa pale na sikio langu lililovimba, na moyo unanidunda kwa furaha, kwa sababu mkutano wa usimamizi wa uvuvi ambao ofisi imeutafuta kwa semina na vishikwambi ulikuwa unaendelea mbele yangu, na hakuna aliyeuita.

Walinipa sharti moja. Majina yao yasiandikwe. Hakuna mwenye leseni pale. Ukiandika "fulani alisema huvua hivi," umeandika mashtaka yake.

Nikaahidi.

Nisidanganye hapa. Sikutoka Mamba nikiamini kwamba wao wana haki na ziwani wana makosa. Baba Rashidi ana watoto pia, na nyavu zake kweli zinarudi nyepesi, nimeziona kwa macho yangu. Kama mlango unazibwa mwaka hadi mwaka, atakayefika ziwani ni nani? Kilichonikaa rohoni ni kwamba watu wa pande mbili wanakula samaki mmoja na hawajawahi kuulizwa wakiwa pamoja.

Jumatatu nikaandika kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Bosi akazisoma zote, hilo namsifu. Akauliza majina na sahihi viko wapi.

Nikamwambia niliahidi.

"Dada Espe, maoni bila jina ni majungu," akasema. "Nikipeleka hivi nitaulizwa, haya umeyaokota kijiweni?" Mkutano wa wadau ulikuwa Alhamisi, yaani leo. Mstari ungebaki vilevile: Mamba, hakuna wavuvi, hakuna pingamizi.

Hapa nakiri kitu. Nilifikiria kubuni majina. Nilikaa na kalamu, nikaandika moja la uongo, likanitazama. Nikalifuta. Ningewafuta watu wa Mamba mara ya pili, safari hii kwa mwandiko wangu.

Nikampigia Mama Leonsi kumweleza kwamba nimeshindwa. Nilitaka tu asije akasikia kwa mwingine. Nikamweleza habari ya sahihi, nikamweleza kwamba ahadi yangu iko palepale.  Yeye akauliza mkutano uko wapi, na ukishuka stendi unapita upande gani.

Nikamwambia mama, usije. Ukija ukasema unavua, umejitaja mwenyewe.

"Mpunga wangu haujaanza," akasema. "Nina nafasi."

Basi, leo.

Ukumbi ulijaa. Watu wa ziwani mbele na Baba Rashidi wao, maofisa upande, na nyuma kabisa vijana wa doria wawili waliokuja kwa ajili ya kuwapo tu. Maji ya chupa yamepangwa mezani. Bosi akasoma taarifa kijiji kwa kijiji. Mimi nilikuwa natazama mlango mpaka shingo ikauma. Akafika Mamba. Akasoma, kwa upande wa Mamba hakuna wavuvi, kwa hiyo hakuna—

"Hodi."

Alivaa kanga zake za kanisani, doti mpya, na viatu vya kufunika vya marehemu mumewe. Mikononi amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kitenge. Hakumtazama mtu, alipita katikati moja kwa moja mpaka mezani, akafungua kitenge, akauweka mgono juu ya meza ya mkutano. Chupa ya maji ya bosi ikaanguka, ikabingirika, hakuna aliyeiokota.

"Shikamooni mnaostahili shikamoo," akasema. "Mimi natoka Mamba. Navua. Leseni sina. Huu ni mgono wangu, wenzake mliwachoma shuleni. Nimesikia mnasema Mamba hakuna mvuvi. Basi nikamateni au niulizeni, mchague moja. Vyote viwili kwa siku moja siwezi."

Niligeuka kuwatazama vijana wa doria.

Baba Rashidi ndiye aliyesimama wa kwanza. Nikajisemea, imekwisha. Akaja mezani, akauinua mgono, akaugeuza, akapitisha vidole viwili katikati ya fito, kisha akajaribu ngumi, ikakwama.

"Huu unaacha wadogo wapite," akasema, kama anayetoa ushahidi asioupenda. Halafu sauti yake ikarudi ile kubwa. "Lakini wewe mmoja! Wenzako wa vyandarua je? Sisi kule tunalala na njaa kwa ajili yao!"

"Wapo," Mama Leonsi akamjibu. "Wanaziba mlango wa wigo, nawajua na nyumba zao nazijua. Sikuja kuwasifu, baba. Nimekuja kwa sababu mkikataza wote, anayeacha mlango na anayeziba mlango watakuwa mwizi mmoja. Sasa mimi nitaacha mlango kwa ajili ya nani?"

Nimeishika kauli hiyo mpaka sasa. Nitaacha mlango kwa ajili ya nani.

Walibishana. Baba Rashidi hakujua habari ya mlango. Akataka kujua upana wake, unakaa upande gani wa mto, nani anausimamia. Mama Leonsi akamuuliza na yeye, maji ya kwanza yakishuka, kule ziwani mnaacha kutega mdomoni mwa mto au mnawasubiri hapo hapo wanapotoka? Watu wa ziwani wakatazama sakafu, wote kwa pamoja. Nikaitambua namna ile ya kutazama sakafu. Karibu nicheke kwa sauti.

Mwisho bosi akagonga meza, taratibu, kwa sababu ya mgono. Akasema mstari wa Mamba unafutwa. Akasema niende Mamba na Baba Rashidi, tukae na watu wa mtoni, turudi na pendekezo moja: mlango uweje, nani ausimamie, mtoni na pale mto unapoingia ziwani. Turudi kabla ya mvua. Mvua ikitukuta mikono mitupu, marufuku inapita kama ilivyoandikwa.

Watu wakapiga makofi kidogo. Mimi nilipiga sana.

Lakini wakati watu wanatoka, kijana mmoja wa doria alikuja mezani, akautazama mgono, akamuuliza Mama Leonsi anakaa kitongoji gani. Aliuliza kwa adabu. Bosi akamwambia, "Mwache, huyo leo ni mdau."

Leo.

Neno hilo limenifuata mpaka nyumbani. Tulipanda bajaji, mimi, yeye na mgono. Kama tukishindwa, sheria itapita, na mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja tu kutoka Mamba nzima ndiye anayejulikana sura na anakotoka. Wengine wote bado ni wakulima. Nilimkataza asije, ni kweli. Lakini nilimpigia simu, na hilo pia ni kweli. Naogopa, na ni afadhali niliandike kuliko kulificha kwenye maneno ya kishujaa.

Nilipiga simu Katumba kumsimulia mama yangu. Alisikiliza yote. "Mawe!" akashangaa kwa Kirundi. "Alinyoosha mkono mbele yao?" Ndiyo, mama. Kisha akaniambia maneno ambayo kwake ni mengi sana: "Basi na wewe usiushushe."

Sitaushusha.

Nilikuwa nimeshapanga. Kesho alfajiri tupande basi, mimi na mgeni wangu, mbung'o na wanile sikio lililobaki. Baba Rashidi atatukuta huko huko kutoka ziwani. Nilikuwa nimeapa mguu wangu hautagusa tena ngazi ya gari la doria nikielekea Mamba.

Sasa hivi, nikiwa naandika, Deo amepiga. Bosi ametoa gari. Ametafuta mafuta mwenyewe, maana mawingu haya hata yeye anayaona. Kesho asubuhi, safari moja, mimi, Mama Leonsi na Baba Rashidi.

Nikaanza kukataa. Nilikuwa katikati ya kumweleza Deo habari ya nyoka na ung'ongo, sauti ikatoka chumbani, chini ya kanga. Kumbe halali.

"Mwambie gari lije."

Nikamwambia mama, si unakumbuka mara ile walivyotazama sakafu?

"Nakumbuka. Mimi nilikuwa mmoja wao." Akakaa, akaivuta kanga begani. "Gari lije. Ila mgono wangu usitupwe nyuma na majembe. Ufungwe juu, pale mbele juu ya kioo, mahali unapoonekana. Lile gari liliondoka na moshi wa migono yetu. Sasa watu wauone mmoja unarudi mzima."

Deo alikuwa amesikia kila kitu kwenye simu. Akasema kamba anayo nzuri, atakuja mapema aufunge mwenyewe, kwa mikono yake.

Maji ya beseni yameshakuwa vuguvugu. Upande wa Mpimbwe mawingu yamerudi, safari hii meusi zaidi, na kuna upepo mdogo wenye harufu ya vumbi linalosubiri. Nayaomba yasubiri kidogo, wiki hii tu, kazi yetu ni ndogo, ni upana wa mwanamke na mtoto mgongoni.

Kesho gari la doria linaingia Mamba na mgono kichwani. Nitashuka, nitasalimia, nitauliza lile swali langu upya. Na kabla hakujanyooshwa mkono wowote, wangu utakuwa umeshapanda juu, pembeni ya wa Mama Leonsi.